Kanuni Ndani ya Mtambo: Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama



Tangu vyama vyetu vilipoanza, kanuni ya chama imekaa mahali pawili: katika kitabu cha masharti, na katika kichwa cha mtu aliyekabidhiwa kazi. Mpimaji wa mazao alijua mizani husomwaje, mlinzi wa ghala alijua nani aingie na nani asiingie, na msimamizi wa bomba alijua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Kanuni ilipovunjwa, mtu yule aliitwa mbele ya Kamati akajieleza, na aliposhindwa kujieleza alipewa onyo au aliondolewa.

Siku hizi pana mahali pa tatu. Kanuni imeingia ndani ya chombo. Mita ya umeme, bomba la maji lifunguliwalo kwa kadi, mizani yenye kioo cha tarakimu, pampu ya sola iwakayo na kuzimika yenyewe: kila kimojawapo kimefichwa ndani yake kompyuta ndogo ambayo haina kioo kikubwa wala mtu wa kuiendesha, ila ina kazi moja tu, nayo ni kufuata kanuni iliyopewa. Vyombo hivyo vimetawanyika, kimoja kijijini huku na kingine mlimani kule, lakini aghalabu vyote hupokea maagizo kutoka mahali pamoja. Wala chombo hakiitwi mbele ya Bodi kujieleza. Kwa hiyo hatuna budi kujifunza kanuni hiyo huingiaje, ni nani aiandikaye, na chama kifanye nini ili isiponyoke mikononi mwa wenye mali.

Tuanze na kitu cha kale. Wengi wenu mmeona boya katika tangi la maji. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuziba tundu. Maji yakishuka, boya hushuka na tundu hufunguka. Hapo hapana kompyuta wala umeme, lakini kanuni ipo kamili: likitokea jambo fulani, na hali ikiwa hivi, tenda hivi. Wataalamu wa mitambo husema kanuni ya namna hiyo ina sehemu tatu, yaani tukio, sharti na tendo. Tofauti ya boya na mtambo wa leo ni kwamba ukitaka kubadili kanuni ya boya yakupasa upande juu ya tangi na kuupinda mkono wake, na kila mtu aliye chini atakuona. Kanuni ya mtambo wa leo hubadilishwa na mtu aliyeketi ofisini mbali, kwa dakika moja, na asiyemwona hajui kwamba limebadilika neno.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwanachama hununua umeme kwa simu au kwa wakala, akapewa tarakimu 20, akazibonyeza kwenye mita yake. Wengi hudhani kwamba mita imeunganishwa na ofisi ya Shirika la Umeme kwa waya wa habari. Mita ya kawaida ya namna hii haikuunganishwa. Tarakimu zile 20 ndizo barua yenyewe, iliyofungwa kwa ufunguo wa siri ambao wanaujua wawili tu: mtambo wa mauzo na mita yako. Mita huifungua barua, huhakikisha kwamba ni yake na kwamba haijapata kutumika, kisha huongeza uniti. Zikiisha, hukata. Haimjui mwenye nyumba, haijui kama kuna mgonjwa ndani, haijui kama leo ni sikukuu.

Hapa yafaa tuone sehemu mbili ambazo somo zima limejengwa juu yake. Ya kwanza ni mahali pa kuamua: mtambo wa mauzo ndio uamuao shilingi zako zipate uniti ngapi, kwa kufuata bei zilizoidhinishwa na EWURA. Ya pili ni mahali pa kutekeleza, nayo ni mita ukutani kwako. Mlalamikaji aghalabu huilaumu mita, na hali uamuzi umefanyika kwingine. Katibu aliyekwisha kuelewa mgawanyo huu atajua mlango wa kubisha.

Mwaka 2024 sote tulipata somo kubwa bila kutarajia. Mita za mfumo huu, uliotokea Afrika ya Kusini na kuenea duniani, zilihesabu muda kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Hesabu ilikuwa ikiishia tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingetengenezwa kabla ya siku hiyo ingekataa kila namba mpya, ingawa mwenyewe amelipa. Kwa kuwa hapakuwa na waya, mafundi walifanyaje? Waliituma kanuni mpya kwa njia ile ile ya barua: mteja alipewa mafungu mawili ya tarakimu 20 ya kubadili ufunguo, akayabonyeza, ndipo akaingiza fungu la tatu la umeme wenyewe. Mamilioni ya mita ulimwenguni zilibadilishwa kanuni kwa vidole vya wateja. Mtu wa 1993 aliyeiweka ile nafasi ya hesabu pengine aliona miaka 32 ni mingi mno. Naam, kila kanuni iingizwayo katika chombo ina umri wake, na mwandishi wake huenda asiwepo siku itakapokwisha.

Mfano wa pili ni wa kodi ya majengo. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 Serikali iliamua kodi hiyo ikusanywe kupitia ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa kuwa shilingi 1,500 na 7,500. Kwa upande wa ukusanyaji, ilikuwa njia nyepesi, kwani hapakuhitajika mtoza kodi kupita mlango hadi mlango. Lakini sheria humdai mwenye nyumba, na mtambo haumjui mwenye nyumba, unaijua mita. Mpangaji aliyenunua umeme alikatwa yeye. Nyumba moja yenye mita mbili ilihitaji kusahihishwa isikatwe mara mbili. Serikali ilieleza kwamba mpangaji apatane na mwenye nyumba warudishiane, na kwamba penye kosa wahusika watoe taarifa. Maelezo yalikuwa ya haki. Ila angalieni kwamba kazi ya kurekebisha ilimwangukia mtu, wala si mtambo. Kanuni inapoandikwa kwa kitu ambacho mtambo waweza kukiona (mita), badala ya kitu kilichokusudiwa na sheria (mwenye mali), pengo katikati hujazwa na mnyonge.

Elimu ya mambo haya si ya jana. Katika Chuo cha Imperial cha London, Morris Sloman alichapisha mwaka 1994 maandishi yaliyofahamika sana kuhusu kuendesha mitambo iliyotawanyika kwa kufuata kanuni. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa lugha maalumu ya kuandikia kanuni hizo, waliyoiita Ponder. Mwaka huo huo kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza wazo la mitambo ijiendeshayo, kwa mfano wa mwili wa mwanadamu ambao huongoza mapigo ya moyo bila mwenyewe kuamuru. Tusikae sana hapo. La kutufaa sisi ni kwamba wataalamu wale walilitenga jambo moja waziwazi: kanuni isichanganywe na mashine. Mashine ijengwe mara moja, kanuni iandikwe kando, ili wenye mamlaka waweze kuisoma na kuibadili bila kuivunja mashine. Tena waligawa kanuni katika mafungu mawili makuu. Kuna kanuni za ruhusa na katazo, zisemazo nani aweza kufanya nini. Na kuna kanuni za wajibu, zisemazo mtambo lazima utende nini likitokea jambo. Mwanaushirika hatashangaa. Masharti ya chama chake yamepangwa hivyo hivyo: nani anaweza kupiga kura, na Bodi ni lazima iitishe mkutano lini.

Sasa tuingie milimani. Tuchukue chama cha kufikirika kwenye mteremko wa Uluguru, chenye mradi wa maji ya mserereko. Chanzo kipo juu msituni, tangi lipo kwenye tuta la shule, na vituo vya kuchotea maji ni sita, vimeshuka bondeni kimoja baada ya kingine. Chama kimenunua mabomba ya kadi. Mwanachama huweka fedha katika kadi yake, huigusisha kwenye bomba, maji hutoka, salio hupungua. Ndani ya kila bomba mna kompyuta ndogo na betri yenye kulishwa na jua, nayo hupeleka habari kwa njia ya simu hadi kwenye kompyuta ya muuzaji wa vifaa, iliyoko mjini au hata ng'ambo. Mkutano Mkuu umeagiza Katibu apeleke kanuni nne:

Ya kwanza, mwenye salio achote. Ya pili, tangi likishuka chini ya robo, kadi moja isichote zaidi ya ndoo nne za lita 20 kwa siku. Ya tatu, zahanati isikatiwe maji kamwe. Ya nne, vituo vyote vifungwe kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, ili maji yasiibwe kwa kumwagilia bustani.

Kwa masikio, kanuni hizi ni njema. Mkutano ulizipitisha kwa makofi. Basi tuzitie katika mtambo tuone.

Saa 7 usiku mama mjamzito anafikishwa zahanati. Muuguzi anagusisha kadi. Kanuni ya tatu yasema fungua, ya nne yasema funga. Msimamizi wa zamani, mtu mwenye akili zake, angeamka na kufungua, na asubuhi hakuna ambaye angemlaumu. Mtambo hauna asubuhi. Lazima uwe umeambiwa mapema ni kanuni ipi ishinde. Zipo njia kadhaa za kuamua, na kila moja ina mwiba wake. Wengine huweka kwamba katazo hushinda ruhusa daima. Hiyo ni salama kwa kasha la fedha, lakini kwa zahanati ni hatari. Wengine huweka kwamba kanuni mpya hushinda ya zamani. Hapo mtu akiongeza neno dogo leo aweza kufuta jambo kubwa la mwaka jana bila kukusudia. Wengine huweka kwamba kanuni mahususi hushinda ya jumla, yaani neno lililosemwa juu ya zahanati hushinda neno lililosemwa juu ya vituo vyote. Kwa huduma za uhai, kwa maoni yangu, hii ya mwisho ndiyo inayofaa, maadamu orodha ya mambo mahususi iwe fupi na ijulikane na wote. Orodha ikirefuka, kila mwenye jina ataomba awe mahususi.

Tuitazame kanuni ya pili. Ndoo nne kwa kadi ni lita 80. Nyumba ya watu wawili itapata lita 40 kila mtu. Nyumba ya watu wanane itapata lita 10 kila mtu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Kwa kipimo hicho nyumba ya wanane ilihitaji ndoo 10. Mkutano ulidhani umegawa sawa, kumbe uligawa sawa kwa kadi, si kwa watu. Ni kosa lile lile la mita na mwenye nyumba. Dawa ipo, nayo ni kuandika katika daftari la kadi idadi ya watu wa nyumba, na kanuni isome idadi hiyo. Ila hapo Katibu ajue kwamba ameanza kutunza habari za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka azitunze kwa kazi iliyokusudiwa tu. Orodha ile isigeuke kuwa ya kampeni wala ya kuuzia watu simu.

Kuna na jambo la robo ya tangi. Asubuhi watu huchota, maji hushuka chini ya robo, mgawo huanza. Watu huacha, maji hupanda kidogo juu ya robo, mgawo hufutwa. Watu hurudi, maji hushuka tena. Mtambo utabadilika mara kumi kwa siku, na wanachama watadhani kuna mtu anayewachezea. Fundi mzoefu hatumii alama moja; hutumia mbili. Mgawo uanze likishuka chini ya robo, usifutwe mpaka lipande hadi nusu. Ni jambo dogo la kuandika mstari mmoja, lakini muuzaji hatalisema msipouliza.

Sasa kuna ugumu wa milima yenyewe. Kompyuta ya tangi huona maji yamepungua. Habari zapaswa kushuka hadi vituo sita. Vituo vinne vinapata mtandao wa simu. Viwili vipo nyuma ya mgongo wa mlima, mtandao huja na kwenda, na siku za ukungu mzito na mvua jua halijazi betri. Vituo vinne vitaanza mgawo, viwili vitaendelea kwa kanuni ya jana. Watu watasema kijiji cha nyuma kinapendelewa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyependelea. Kanuni mbili zinatawala kwa wakati mmoja katika chama kimoja. Kwa sababu hiyo kila kanuni ipewe namba na tarehe, kama masharti yanavyopewa, na kila kituo kionyeshe kwenye kioo chake namba ya kanuni kinachoifuata. Mwanachama akiona kituo chake kinafuata Kanuni Na. 3 na cha jirani Na. 4, atajua kwamba habari hazijafika, na atamwita fundi badala ya kumtukana mwenzake.

Tena Bodi iamue mapema: kituo kikikosa habari kabisa, kijifunge au kijifungue? Vali nyingine hubaki zilivyo betri inapokufa, nyingine hujifunga kwa springi. Mnaponunua, ulizeni. Katika umeme, mita hujifunga zikiisha uniti, na wengi wameizoea. Katika maji ya kunywa kituo kilichojifunga kwa siku tatu kitawarudisha akina mama mtoni kwenye maji machafu, na hasara ya kipindupindu haiandikwi kwenye daftari la mauzo. Mimi ningependelea kila kituo kiwe na kufuli la mkono, ufunguo ukae kwa mjumbe wa kamati wa eneo lile, na kila linapofunguliwa iandikwe saa na sababu. Hasara ya ndoo chache zisizolipiwa chama chaweza kuibeba.

Msomaji wa Matombo au Mgeta huenda ameanza kukumbuka habari za wazee. Mapema katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: udongo usimomonyoke, mito isijae tope, kwani Ruvu huanzia katika milima hii na huteremka mpaka pwani. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kanuni moja iliandikwa kwa mlima mzima, bila kujali kwamba upande mmoja wa mlima udongo ni mwembamba na mteremko mkali, ambako kuchimba tuta ni kuuzika udongo wenye rutuba na kuufunua ule wa chini usio na nguvu. Wala haikujali kwamba Waluguru walikuwa na njia zao za kulima penye mteremko, na kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo, nayo hupitia kwa mama. Mwezi wa Julai 1955 hasira ililipuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukavunjika. Yafaa kuongeza, kwa kutenda haki, kwamba huko Mgeta, ambako watu walilima mboga na walikuwa na maji ya mifereji, matuta hayakutupwa yote, yaliwafaa, wakayatunza. Kanuni ile ile ilifaa upande mmoja na ikaleta msiba upande mwingine.

Wakati ule palikuwa na bwana shamba wa kumkasirikia. Kanuni mbaya ikiwa ndani ya bomba, wanachama watamkasirikia nani? Katika hali nyingi watamkasirikia Katibu, ambaye huenda hata hana neno la siri la kuingilia mtambo.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo kwa chama cha ushirika. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, Mkutano Mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Kama muuzaji wa vifaa aweza kubadili bei ya ndoo, kuongeza ada yake ndani ya kila malipo, au kufunga vituo kwa sababu chama kimechelewa kulipa deni, basi kwa kweli mamlaka ya juu yamehama, ingawa mihutasari bado inaandikwa vizuri. Mkataba useme waziwazi kwamba kanuni ni mali ya chama. Kwamba hakuna kanuni itakayobadilishwa bila barua iliyotiwa sahihi na Mwenyekiti na Katibu. Kwamba mtambo utunze historia ya kila badiliko, nani alifanya na saa ngapi, nayo historia isiweze kufutwa. Na kwamba mkataba ukiisha, chama kipewe funguo na daftari lote la kadi kwa namna inayosomeka. Muuzaji akikataa sharti hili la mwisho, tafuteni mwingine, hata kama bei yake iko juu. Chama ambacho hakiwezi kuondoka na daftari lake hakina mkataba, kina mwinyi mpya.

Ndani ya chama kwenyewe, mamlaka yagawanywe. Anayependekeza kanuni asiwe anayeiingiza, na anayeiingiza asiwe anayekagua. Makatibu wanalijua jambo hili katika fedha: anayepokea si anayeandika hundi. Neno la siri lisiwe la mtu mmoja, wala lisiandikwe ukutani ofisini. Katibu akihama au akifariki, funguo zisiende naye.

Kuhusu ukaguzi. Wakala wa Vipimo huja na mawe yaliyothibitishwa, huyaweka juu ya mizani, na ikisoma sawa hupiga muhuri. Kanuni nayo yaweza kujaribiwa vivyo hivyo. Wekeni shilingi 1,000 katika kadi ya majaribio, chote ndoo kwa ndoo kwa chombo kilichopimwa, mwone kama lita na salio vinalingana na bei iliyopitishwa. Fanyeni hivyo mchana, kisha usiku baada ya kufungwa, kisha siku tangi lipo chini. Fanyeni kwenye kituo cha karibu na ofisi na kwenye kituo cha mbali kuliko vyote. Matokeo yaandikwe katika daftari la majaribio, na wakaguzi wa COASCO wanapokuja wapewe daftari hilo pamoja na vitabu vya fedha. Habari zipelekwazo katika mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, MUVU, nazo hujazwa kutokana na vitabu vya chama. Bomba likihesabu vibaya, kosa litapanda mpaka Dodoma likiwa limevaa nguo nzuri za tarakimu.

Neno la mwisho ni la maji yaendayo chini. Mwezi Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua kwa ukame hata wakazi wa Dar es Salaam wakaanza kupata maji kwa mgawo. Watumiaji wa juu, wenye pampu na mifereji, walitazamwa kwa jicho kali. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi yake Morogoro mjini, ndiyo itoayo vibali vya kutumia maji, na kwa sehemu kubwa kazi yake hutegemea watu kupima na kutembelea. Siku vipimo vyenye kompyuta vitakapofungwa kwenye vyanzo na mifereji, uamuzi wa nani afungiwe kwanza wakati wa kiangazi utaandikwa kama kanuni. Chama cha wakulima wa mboga kilichokwisha kujifunza kuandika kanuni zake, kuzipa namba na kuzijaribu, kitaketi mezani siku hiyo kikiwa na cha kusema. Kisichojua kitaletewa barua.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza (kila kikundi kichague mwandishi, na majibu yasomwe katika mkutano wa wanachama):

1. Taja vyombo vyote katika chama chenu au kijijini kwenu ambavyo hufuata kanuni vyenyewe. Kwa kila kimoja, semeni mahali pa kuamua ni wapi na mahali pa kutekeleza ni wapi.

2. Zirudieni zile kanuni nne za chama cha kufikirika. Ziandikeni upya ili zahanati ipate maji saa 7 usiku, nyumba ya watu wanane isionewe, na bustani zisimwagiliwe kwa wizi. Jaribuni kuzivunja kanuni mlizoandika.

3. Katika mkataba wenu wa sasa na muuzaji yeyote wa vifaa, ni nani awezaye kubadili bei au kukata huduma bila idhini ya Mkutano Mkuu? Onyesheni kifungu.

4. Kituo cha mbali kuliko vyote kikikosa mtandao kwa siku tatu, kitafanya nini? Kama hakuna katika kikundi ajuaye, nendeni mkakijaribu.